Chokaa ya Tongoni

Maneno yangu nimeyapima: dakika arobaini,
pamoja na muda wa kunywa dafu.
Hapa msikiti, hapa kibla, angalieni vichwa.
Haya makaburi. Hivi vishimo vya duara
vilikaa mabakuli ya kaure. Waliyabandua.
Mgeni akiuliza ni akina nani, nasema "watu,"
halafu nawapeleka mikokoni.

Mche mmoja elfu tano, na jina lako kwenye kibao.
Wanaupanda panapotoka vizuri pichani,
juu mno, maji hufika siku za bamvua tu.
Wakishaondoka naingia topeni na ndoo,
naung'oa taratibu, naushusha unakostahili.
Kibao nakiacha palepale.
Tanga, wasemavyo, waja leo waondoka leo;
mche hauna basi la kuondokea.

Siku ile alikuja mmoja, mfupi, mabega mapana,
nywele mkia mmoja hadi kiunoni.
Nazaria Pech, aliandika kwenye daftari,
na pale pa nchi akaandika kijiji.
Kiingereza chake kilichechemea sawa na changu;
tulikwenda kama wawili wanaoazimana fimbo moja.

Nikafika kwenye sentensi yangu ya mwisho,
ile wageni huipenda, hunyamaza kidogo:
"Waliojenga hapa walitoweka."

Hakunyamaza. Alikuwa anatazama kitambaa chekundu
kilichofungwa jana kwenye nguzo ya kaburi,
na chetezo chini yake, jivu bado jepesi.
"Nani kaleta?"
Mama, nikasema. Ana mguu unaomsumbua.
"Na aliyelala humu ni nani wake?"

Miaka sita natembeza watu pale.
Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo,
wala mimi sikuwahi kujiuliza kwa sauti.

Akacheka, kiganja mdomoni.
"Na sisi tulitoweka," akasema. "Nyumbani
kila asubuhi mabasi manane huleta watu
kuja kutazama tulivyotoweka.
Mimi ndiye nawakatia tiketi."

Sikumpeleka mikokoni. Nilimpeleka kwetu.
Mama alikuwa jikoni, kijaluba kiko wazi,
anajipakia tambuu yake ya saa nne.
Nazaria akaiona ile chokaa, laini kama samli,
akachovya ncha ya kidole, akanusa,
akabaki amekishika kidole kile
kama mtu aliyeshikishwa barua.
Kwao, alieleza, chokaa huloweka mahindi usiku kucha
mpaka maganda yavuke, asubuhi yasagwe,
na mawe ya bibi zake yalishikana kwa hiyohiyo.
Nikatafsiri. Mama akaninong'oneza:
"Sasa huyu anataka kuila au kujengea?"
Akamkunjia jani, popoo, katu kidogo.
Mgeni alitafuna, akakunja uso,
akatema nyekundu nje ya ua
mbali kuliko mimi niwezavyo.
Mama akapiga makofi.

Maji yalipokupwa aliniona nachukua ndoo.
Hakuuliza bei ya mche. Aliuliza ndoo ya pili.
Tulishusha miche kumi na tisa, magoti topeni,
majina ya watu wa mbali yakitutazama juu kule
kwenye vibao vyao vikavu.

Juma lililofuata lilikuja kundi la watu kumi na wawili.
Msikiti, kibla, angalieni vichwa.
Nikafika kwenye sentensi ile, ikanikwama.
"Waliojenga hapa," nikasema,
"wana mguu unaowasumbua."
Wakatazamana. Mmoja aliandika.

Bwana Mhina wa ofisini kaniita:
nisiongeze maneno, dakika zimefika hamsini na tano,
na muda wa dafu ameufuta kwenye ratiba.
Sawa.
Bahari nayo imekula hatua tatu tangu masika
na haijaulizwa na ofisi.

Ukitaka dafu, fuata njia ya nyuma ya makaburi.
Mama anauza.
Mwulize lolote.